Fimbo Haivai Kito

Mhakiki wa Kiswahili amezoea kukaa mbele ya kitabu. Ukimpa diwani atatafuta vina na mizani. Ukimpa riwaya atauliza wahusika wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Lakini ukimwekea mbele yake kitu kilichochongwa kwa mkono, aghalabu atakisifu kwa neno moja tu, "kizuri", kisha atakirudisha rafuni na kwenda zake. Naiona hii kuwa ni dhuluma. Kitu kilichochongwa nacho ni kauli: kina mtungaji wake, kina msomaji aliyekusudiwa, na kinaweza kusema kweli au kusema uongo. Katika makala haya nataka kukihakiki kifimbo.

Kifimbo ninachokikusudia ni kijiti cha mpingo, urefu wake kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, kilichokerezwa kikawa kinene mahali pa kushikia na chembamba nchani, na kichwani mwake pamepachikwa jiwe la kung'aa. Mtu wa Ulaya au wa Marekani hahitaji kuelezwa hicho ni kitu gani. Amekutana nacho utotoni katika hekaya za kwao, na tangu riwaya ya kwanza ya Rowling ilipotoka mwaka 1997 watoto wake nao wamekutana nacho vitabuni na kwenye sinema. Wako pia watu wazima wa huko wanaoamini kwamba mawe yana nguvu za kutuliza na kuponya, imani iliyoenea sana tangu miaka ya 1970, na hao hukinunua kifimbo si kwa mchezo bali kwa haja. Nikumbushe tu kwamba katika riwaya za Rowling vifimbo havina mawe: nguvu yake imo ndani ya mti, katika unyoya wa ndege au mshipa wa moyo wa joka uliofichwa katikati. Jiwe limetoka katika imani ile ya pili. Kifimbo chenye jiwe, basi, ni mtoto wa baba wawili wasiojuana.

Vifimbo vitano vya namna hiyo nilionyeshwa katika duka moja la vinyago mjini Moshi, katika mitaa iliyo karibu na mnara wa saa. Muuzaji, kijana mwenye adabu, aliniamkia, akanifutia vumbi kiti, kisha akavipanga mbele yangu juu ya kitambaa cheupe.

"Hivi ni vya nini, mwanangu?" nilimwuliza.

"Vya nguvu, mzee."

"Nguvu gani?"

"Hiyo anaijua mnunuzi."

Sijawahi kupata katika mazungumzo ya fasihi jibu lililonipa kazi ya kufikiri zaidi ya hilo. Mtungaji anayekiri kwamba maana ya kazi yake anayo msomaji peke yake ama ni mwanafalsafa mkubwa, ama ametunga kwa lugha asiyoijua.

Nianze na sifa, kwa kuwa zipo. Mpingo ni mti mgumu kuchonga kuliko miti yote inayopita mikononi mwa mafundi wetu. Ni mzito kiasi cha kuzama ukiutupa majini. Tezo lisilo kali huteleza juu yake. Msumeno hupata moto. Na vumbi lake si vumbi la kuchezea, kwani huwasha ngozi na kubana kifua. Kuukereza mti huo ukawa mwembamba kama kalamu bila kupasuka ni kazi ya mkono uliotulia. Vifimbo vinne kati ya vitano vilikuwa vimenyooka sawasawa. Nilivizungusha juu ya meza na havikuyumba. Ung'aro wake ulikuwa wa msasa na nta, si wa rangi. Nalisema hili kwa makusudi, maana kila anayenunua vinyago anajua kwamba mti mwepesi hupakwa dawa ya viatu ukauzwa kwa jina la mpingo. Dawa ya kugundua hila hiyo ni kuupima uzito wake kiganjani na kuukwaruza kwa ukucha mahali pasipoonekana. Hivi vilikuwa mpingo wa kweli.

Taksiri inaanza pale mti unapokutana na jiwe. Katika vifimbo vitatu jiwe lilikuwa jeupe, lenye kuonyesha upande wa pili kama maji yaliyoganda. Vitabu vya shule huliita jiwe la aina hii fuwele. Sisi wa pwani tulikuwa na jina lake kabla ya vitabu vya shule: bilauri, neno la Kiarabu lenye maana ya jiwe hilohilo, ambalo kwetu liliteremka daraja hadi likawa jina la chombo cha kunywea maji. (Ni maneno machache yaliyoanguka kwa heshima kama hilo.) Mchongaji alitoboa tundu kwa keekee, akatia gundi, akalisimamisha jiwe ndani yake. Gundi ilikuwa imefurika ikakauka pembeni mwa tundu, nayo ilikuwa ya manjano. Hapakuwa na noleo, ile pete ya shaba au fedha ambayo mafundi wa visu na majambia huitia pale chuma kinapoingia mpinini ili vitu viwili vya asili mbili vikutane kwa staha. Jiwe lilikuwa limebandikwa tu. Fundi aliyechukua siku nzima kuunyoosha mti alimaliza kwa dakika tano kazi ya jiwe, na macho ya mtazamaji yanakwenda huko kwanza, penye kazi mbovu.

Kifimbo cha nne kilikuwa na jiwe la rangi ya bluu iliyochanganyika na zambarau, na kijana akaniambia ni tanzanaiti. Sikuwa na njia ya kulithibitisha, na hoja yangu haisimami juu ya uthibitisho huo. Tuseme lilikuwa tanzanaiti kweli. Jiwe hili linapatikana Mererani, katika wilaya ya Simanjiro, kusini ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na hakuna mahali pengine duniani linapochimbwa. Liligunduliwa mwaka 1967. Jina lake la kisayansi halikuwa na mvuto masikioni mwa wanunuzi, kwa hiyo mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikalibatiza kwa jina la nchi yetu, na sisi tukalipokea jina la nchi yetu kutoka kwa sonara wa ng'ambo. Aghalabu hutoka ardhini likiwa na rangi ya hudhurungi. Hutiwa katika tanuri la joto la takriban digrii 600 ndipo linapotoa bluu ile inayojulikana. Ukiligeuza mwangani huonyesha rangi tofauti kwa kila upande. Ni jiwe lenye haiba, sina ubishi.

Lakini ni jiwe laini kwa kipimo cha vito, na lina tabia moja ambayo kila sonara huijua: likigongwa kwa pembe fulani hupasuka kwa mstari ulionyooka kama ukuni mkavu. Kwa sababu hiyo masonara waangalifu hupenda kulitia katika hereni na mikufu kuliko katika pete ya kila siku. Na fimbo ni nini, kama si kitu cha kugonga? Hugonga ardhi, hugonga mlango, hugonga meza mzee anapotaka kusikilizwa. Kulipachika jiwe linalopasuka kwenye kichwa cha kitu kinachogonga ni kutunga shairi ambalo mizani yake inaivunja maana yake. Mchongaji analijua hilo, na mnunuzi akitafakari atalijua pia. Kwa hiyo wote wawili wamekubaliana kimyakimya kwamba fimbo hii haitatumika. Itakaa kabatini.

Na gharama ya kitu hicho cha kukaa kabatini ni kubwa kuliko bei iliyoandikwa. Mererani si jina la jiwe tu. Wachimbaji wake, wanaojiita wana Apolo, walifunikwa na maji mashimoni katika mafuriko ya 1998, na tena katika yale ya Machi 2008, na wote tulisikia habari za makumi ya maiti. Watoto wembamba walioingizwa katika mashimo yasiyopitika na mtu mzima waliitwa nyoka. Mwaka 2018 serikali ikajenga ukuta wa kilomita 24 kuzunguka machimbo ili kuzuia magendo. Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer akapata mawe mawili yenye uzito wa zaidi ya kilo 14 kwa pamoja, na nchi nzima ikashangilia. Hiyo ni hadithi yenye mashujaa, wahanga, ukuta na hazina. Kifimbo nilichokishika hakikuwa na hata herufi moja ya hadithi hiyo.

Mti nao una hadithi yake, na hii imetokea Moshi khasa. Mpingo si mti wa migombani. Unaota katika nyika kavu, chini ya mlima na kuelekea kusini hadi Kilwa na Lindi. Wataalamu wa misitu hutaja miaka 70 hadi 100 kabla shina halijafaa kukatwa. Sehemu kubwa ya thamani yake katika biashara ya dunia inatokana na zumari za Kizungu, yaani klarineti na obo, na tangu Januari 2017 jamii yake yote ya miti imewekwa chini ya masharti ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Lakini miaka mingi kabla ya hapo mtu mmoja wa Kibosho, Sebastian Chuwa, mwanabotania aliyesoma Mweka na kufanya kazi Ngorongoro, alikuwa ameanza kuotesha miche ya mpingo. Filamu iliyomwonyesha katika kazi hiyo ilimfikia James Harris, mkereza mti wa Texas, mtu aliyekuwa akiutumia mpingo katika karakana yake, naye akaona ana deni. Mwaka 1996 wakaanzisha pamoja mradi wa kuuhifadhi mti huo. Chuwa alifanya kazi na shule na vikundi vya kina mama. Mwaka 2002 alitambuliwa kwa tuzo ya Rolex. Alifariki mwaka 2014. Miche aliyoiotesha mwanzoni haitafaa kukatwa mpaka wajukuu wa wanafunzi wale wawe wazee.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu ndani yake mna mkereza mmoja aliyeuliza mti wake umetoka wapi. Swali hilo ni sehemu ya ufundi. Kwa Chuwa na Harris mti ulikuwa na utangulizi na hatima. Katika duka lile ulikuwa mweusi, basi.

Niingie sasa kwenye jambo linalonigusa kama mfasiri, kwani ni hapo nilipoanza kukifikiria kifimbo, miaka mingi kabla ya kwenda Moshi. Kitu hiki kiitweje kwa Kiswahili? Hatuna upungufu wa majina ya fimbo. Tuna bakora yenye kichwa kilichopinda, tuna mkongojo wa mzee, henzerani ya mwalimu, ufito wa mchungaji, rungu la Mmasai, gongo na mpweke wa kupigania, na usinga ambao si fimbo lakini hushikwa kama fimbo. Kila jina lina mkono wake. Jina la kijiti cha kutendea miujiza halimo, na halimo kwa sababu kitu chenyewe hakimo. Mganga wetu ana tunguri, ana usinga, ana kombe na hirizi, ana uradi, hanyooshi kijiti. Mfasiri mvivu ataandika "fimbo ya uchawi", naye atakuwa ametia moto katika nyumba ya makuti.

Kwetu uchawi si mchezo wa watoto wa shule ya bweni. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, tuliyoirithi kwa Waingereza upande wa Bara, inazungumzia hata vifaa: kitu kinachotumika kwa uchawi, au kinachoaminiwa na watu kuwa na nguvu za namna hiyo, kinaweza kumtia mwenye nacho mashakani. Na kabla ya sheria kuna jirani. Bibi vizee wa Shinyanga na Mwanza wameuawa kwa macho mekundu tu, macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa kuni. Katika nchi hiyo, kukiita kitu "fimbo ya uchawi", hata kwenye kitabu cha watoto, ni kazi ya kufanyiwa hadhari. Mimi huandika "kifimbo" peke yake na kuuachia muktadha useme yaliyobaki. Wapo wanaoongeza "cha ajabu". Si vibaya, ingawa kitu cha ajabu huacha kuwa cha ajabu ukishakitangaza hivyo.

S. S. Mushi, ambaye jina lake la ukoo ni la Uchagani, alikabiliana na jambo hili mapema. Mwaka 1968 alitoa tafsiri ya Makbeth na mwaka 1969 akatoa Tufani, tamthilia ambayo ndani yake mna bwana mwenye kuamuru pepo kwa kitabu na fimbo, na ambaye mwishoni anaahidi kuivunja fimbo hiyo na kuizika. Mara nyingi nimejiuliza msomaji wa Kiswahili anaiona fimbo gani machoni anapofika hapo. Sidhani kama anaona kijiti chenye jiwe. Nahisi anaona kitu kinachofanana na asaa anayoiegemea khatibu siku ya Ijumaa: mti mtupu, mrefu, wenye heshima.

Maana katika ustaarabu wa pwani jiwe na fimbo vilikuwa na nyumba mbalimbali. Jiwe lilikaa katika pete. Akiki na feruzi zilivaliwa kidoleni, zikaaminiwa, zikarithiwa. Hekaya zetu zimejaa pete zinazosuguliwa zikatoa majini. Fimbo ilikaa mkononi, na kazi yake ilikuwa kuegemea, kuongoza, kuadhibu na kuheshimika. Kisa cha Nabii Suleiman kinavitaja vyote viwili kwa namna ambayo hakuna mtungaji angeweza kuipanga vizuri zaidi. Hekaya humpa pete ya kuamuru majini. Qur'ani nayo inatusimulia kwamba alikufa akiwa ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi wakidhani yu hai, mpaka mdudu wa ardhini alipoitafuna fimbo ikavunjika, mwili ukaanguka. Pete iliamrisha; fimbo haikuamrisha chochote, ilisitiri tu. (Laiti ingekuwa ya mpingo, ambao mchwa huushindwa, majini wale wangekuwa kazini hadi leo.) Kulitoa jiwe peteni na kulitia fimboni ni kuvichanganya vitu viwili ambavyo lugha ya pwani ilivitenga kwa karne nyingi.

Utaniambia, msomaji, kwamba Moshi si pwani, na mchongaji wa Kilimanjaro hana deni kwa akiki za Unguja. Ni kweli. Na hapo ndipo lawama yangu inapokuwa nzito zaidi, kwa sababu mteremko ule wa mlima una elimu yake ya mti mkononi, tena iliyo kubwa kuliko yetu.

Kuna kwanza isale, mmea wa majani marefu unaoota kwenye mipaka ya vihamba na penye makaburi ya wazee. Mchagga aliyekosa huchukua jani lake, akalifunga, akampelekea aliyemkosea au akampa mtu mwenye heshima ampelekee. Kulikataa isale ni jambo zito. Ugomvi uliodumu miaka umekwisha kwa jani hilo. Sasa kama neno "nguvu" lina maana yoyote katika biashara hii ya vifimbo, hii ndiyo nguvu: kitu cha mmea, kinachoshikwa mkononi, kikielekezwa kwa mtu kinabadilisha hali yake. Nacho hakiuzwi dukani, kwani thamani yake iko katika nani anampa nani.

Halafu kuna mregho. Hiki ni kijiti kilichochorwa mikato, kilichotumika katika mafunzo ya jando la Kichagga. Mwalimu alikishika, akapitisha kidole juu ya mikato mmoja baada ya mwingine, na kila mkato ulikuwa na fundisho lake na maneno yake ya kuimbwa: habari za mwili wa mtu, za uzazi, za kukua na kuishi na wenzake. Mmisionari wa Kilutheri Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka kwa mara ya mwisho mwaka 1938, aliyaandika mafunzo hayo kutoka midomoni mwa wazee. Katika miaka ya 1920 alichapisha kwa Kijerumani maandishi juu ya mafunzo ya kijiti cha mikato, na baadaye, kati ya 1932 na 1938, majuzuu matatu ya mafunzo ya kabila hilo. O. F. Raum naye aliueleza mregho katika kitabu chake cha mwaka 1940 juu ya malezi ya watoto wa Kichagga.

Tusimame hapa kidogo. Tumekaririshwa tangu shuleni kwamba Bara hapakuwa na maandishi kabla ya mgeni, na sisi wa visiwani tumejivunia hati zetu za Kiarabu kana kwamba tulikuwa peke yetu na wino. Mregho haukuwa herufi, na sitaki kuukuza kuliko ulivyokuwa. Lakini ulikuwa mti unaosomwa. Mpangilio wake uliwekwa na watu, mfuatano wake ulikuwa na maana, na msomaji asiyefundishwa hakuweza kuusoma. Ni nini tena tunachokidai kwa kitabu? Mtungaji wa mregho hakusema kwamba maana anayo mnunuzi. Maana ilikuwa na mwalimu, ikapokewa na mwanafunzi kwa usiku mingi ya kuimba.

Shule na kanisa vilipotia mizizi mlimani, jando hilo lilififia, na kijiti kikapoteza wasomaji wake. Siwalaumu waliokwenda shule. Mimi niliyejifunza kusoma kwa tochi na magazeti ya kufungia samaki sina haki ya kumbeza mtu aliyeitamani shule. Nasema tu kwamba mchongaji wa leo anayeketi chini ya mlima uleule, akiwa na mti bora kuliko wa babu yake na vyombo vikali kuliko vya babu yake, anachonga kijiti kisicho na mkato hata mmoja, kisha anakibandika jiwe ili kipate la kusema.

Kifimbo cha tano sijakieleza. Hakikuwa na jiwe. Kijana aliniambia jiwe lake lilidondoka, na alikuwa tayari kunipunguzia bei. Kilikuwa kimechongwa kutoka kando ya shina, mahali ambapo moyo mweusi wa mpingo unakutana na mti wa nje wenye rangi ya manjano hafifu, na mchongaji, kwa bahati au kwa kujua, aliuacha mstari huo wa manjano upite kwa urefu kutoka shikioni hadi nchani, ukipinda kidogo mahali mti ulipopinda ulipokuwa hai. Tundu la jiwe lilibaki wazi kichwani kama jicho. Hicho ndicho kilichokuwa kizuri. Kilionyesha umri wa mti na upande wake wa jua, kikakaa mkononi bila kudai chochote. Nilikinunua kwa bei ya kilema.

Tuna mfano mwingine wa fimbo isiyo na kito ambao Mtanzania yeyote anaujua. Mwalimu Nyerere alitembea na kifimbo miaka na miaka, na mpaka alipofariki Oktoba 1999 watu walikuwa wakinong'ona juu ya nguvu zake: kwamba hakikuwekwa chini ovyo, kwamba hakikushikwa na mwingine. Yote hayo watu waliyatia wao katika kijiti kitupu. Hakikuhitaji jiwe kwa sababu kilikuwa na mkono unaojulikana, na mkono huo uliwahi kushika kalamu ukamfasiri Shakespeare mara mbili, mwaka 1963 na mwaka 1969. Nasita kusema zaidi. Habari za kifimbo hicho zinataka makala yake.

Kwa hiyo simwambii mchongaji wa Moshi aache kuwauzia wageni. Ana watoto wa kusomesha, na mgeni aliyeteremka Kibo akiwa na miguu inayotetemeka ana haki ya kununua kumbukumbu. Ninachokitaka ni kwamba amuuzie kitu kinachosema. Mikato michache iliyopangwa kwa kujua, mti wa nje ulioachwa mahali pake, na kama lazima pawe na pambo, noleo la shaba lililofungwa kwa ufundi. Mgeni akiuliza maana, awepo wa kumwambia. Tatizo ni kwamba wa kumwambia mchongaji mwenyewe ni wachache, na yale aliyoyaandika Gutmann yamekaa katika Kijerumani cha miaka 100 iliyopita, mbali na karakana.

Kazi hiyo ni ya wafasiri, si ya wachongaji. Nimeazima nakala ya sehemu ya maandishi hayo na nimeanza na kurasa za mwanzo, zile za mikato ya kwanza. Kijerumani changu ni cha kamusi, na pale Kichagga kinapoingia nalazimika kuwasubiri wazee wawili wa Old Moshi ambao hujibu barua kwa wakati wao. Mpaka sasa nina mikato minne.